Maneno Chini ya Picha

Nairobi
14 Januari 1968

Dada Nanzala,

Nianze na habari njema ili usirukeruke mistari ukiitafuta. Sichori tena vita. Mwaka mzima mhariri alitaka nimchoree Biafra, Vietnam, na vita vyetu wenyewe vya kaskazini na waasi mashifta, na kila nikimpelekea picha alisema jambo moja: bunduki zako zote zinafanana. Ni kweli. Sijawahi kushika bunduki. Sasa amenipa siasa ya hapa nyumbani, kila Ijumaa, katuni moja. Sharti lake ni kwamba asionekane mtu anayejulikana, maana wakubwa siku hizi wamekuwa wepesi wa kukasirika.

Kwa hivyo nimebuni mtu asiye na uso. Namwita Bwana Kofia. Kofia yake ni pana, imemshuka mpaka kidevuni, na ukingo wa kushoto umepasuka. Ni mkubwa wetu wa siku hizi, aliyerithi nyumba ya mzungu pamoja na tabia za mwenye nyumba. Katika picha ya kwanza ameketi kwenye kiti cha mzungu, na kiti ni kikubwa hata miguu yake haifiki chini. Maneno ya chini yanasema: "Kiti ni kilekile, kilichobadilika ni makalio." Mhariri alicheka, akaenda kufunga mlango, kisha akarudi akaendelea kucheka.

Nasikia kampuni yenu ya kununua ardhi hatimaye imelipata shamba la kaburu. Niandikie habari yote. Baba mdogo Walubengo hajambo? Na ukipita kaburini kwa Baba, ng'oa magugu kwa niaba yangu.

Nduguyo,
Wepukhulu


Shambani, Kaptagat
kwa Posta ya Eldoret
24 Januari 1968

Ndugu yangu Wepukhulu,

Ndiyo, shamba ni letu. Kaburu Fourie alipakia vyombo vyake na mbwa wake kabla ya Krismasi, na sisi watoto wa vibarua wake tukasimama kando ya barabara bila kujua kama tupige makofi au tumpungie mkono. Wanachama wakakutana kwenye ghala la ngano, wakamchagua Baba mdogo Walubengo kuwa mwenyekiti. Walisema ni yeye peke yake aliyewahi kumjibu Fourie usoni. Nilifurahi, na bado nataka kufurahi.

Sasa nisikilize. Siku Baba mdogo alipoingia nyumba kubwa alikuta kofia ya Fourie imetundikwa nyuma ya mlango. Ni ile pana ya rangi ya udongo, utakuwa unaikumbuka. Akaivaa. Inamshuka mpaka machoni, na akitembea nayo huoni uso. Ukingo wa kushoto umepasuka. Haukuwa umepasuka wewe ulipokuwa ukiishi hapa. Ulinaswa na seng'enge wiki ileile Fourie alipokuwa anahama, mbele ya macho yangu.

Gazeti lenu linafika hapa Jumamosi, dukani kwa Wanyoike. Watu waliiona picha yako wakatazamana. Kisha Baba mdogo akaingia. Aliitazama, akaniuliza kama huo si mkono wa mtoto wetu. Nikamwambia ni wewe. Akalinunua gazeti, akalikunja taratibu, akaondoka nalo bila kumsalimu mtu.

Nani alikuambia kofia imepasuka?

Dada yako,
Maximilla Nanzala


Nairobi
31 Januari 1968

Dada,

Hakuna aliyeniambia. Kofia ikichorwa ikiwa nzima inafanana na sahani, ndiyo maana nikaipasua. Kushoto ndiko mkono wangu unakopenda kwenda. Mambo kama haya hutokea, na wewe ni mwalimu, usianze kusikiliza maneno ya dukani.

Lakini mwambie Baba mdogo si yeye. Sikuwa nimejua hata kama amechaguliwa. Mwambie Bwana Kofia ni wale wakubwa wa huku, wanaozungusha ua kwenye kila kitu wanachokiona. Ijumaa hii utamwona amelizungushia bwawa seng'enge. Vyura na samaki wamepanga foleni nje na vikaratasi mkononi, na askari anawakagua. Chini nimeandika: "Hata maji yamepata uhuru wa kukaa ndani."

Nduguyo,
Wepukhulu


Shambani, Kaptagat
16 Februari 1968

Wepukhulu,

Baba mdogo amelifunga bwawa. Seng'enge pande zote, na mlango mmoja wenye kufuli. Wanawake sasa wanashuka mpaka mtoni, na wakirudi mgongo haunyooki.

Ungeniambia kwamba aliiona picha yako akaiga, ningekuelewa. Lakini gazeti lilifika Jumamosi kama kawaida, na nguzo zilikuwa zimesimama tangu Alhamisi. Barua yako nayo ilikuja baadaye.

Wiki iliyofuata ulimchora Bwana Kofia akiwapokea watu kupitia dirisha dogo. Hakuonekana ila mkono, na watu wamejipanga kuubusu. "Salamu hupokelewa Jumatano." Baba mdogo alimwamuru Ondiek, karani wa kampuni, apigilie mbao madirisha yote ya barazani isipokuwa moja. Jumatano nikaenda kuomba mbao za madawati ya shule. Mimi, binti wa ndugu yake, nikapanga mstari. Zamu yangu ilipofika mkono ukatoka. Niliushika. Ulikuwa mkono wake, na lile kovu la mundu kwenye kidole cha shahada, lakini ulikuwa baridi na haukunishika mimi. Nilimwita, "Baba mdogo." Nilisikia tu mtu akipumua.

Watu wanacheka picha zako wakiwa dukani na wananyamaza wakifika nje. Nadhani wewe na yeye mnaandikiana na kutuchezea. Kama ni hivyo, acheni.

Nanzala


Nairobi
26 Februari 1968

Dada,

Sijamwandikia Baba mdogo tangu nilipohamia huku. Naapa kwa jina la Baba.

Habari ya kofia ilinichekesha. Habari ya bwawa ilinifanya niache chakula. Nimekaa nayo, na jibu nililolipata ni hili: wakubwa wote ni mtu mmoja. Ukimchora mmoja vizuri, umewachora wote, hata wale ambao bado hawajajua kwamba watakuwa wakubwa. Hilo ndilo linaloniogopesha, wala si uchawi.

Ijumaa hii inatoka picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Bwana Kofia yuko juu ya trekta, analima makaburi. Ni makaburi ya watu waliokufa wakidai ardhi hii, wale ambao sasa hakuna anayewataja ila siku za sherehe. Misalaba inaanguka nyuma ya trekta, na mahindi yanaota papo hapo. Maneno: "Walitupa ardhi. Sasa watupe mbolea." Mhariri hakucheka. Aliniangalia, akasema hii watu wataikata na kuibandika ukutani.

Ukitaka mwonyeshe Baba mdogo. Huko hata yeye hawezi kufika.

Wepukhulu


Nyumba Kubwa, Kaptagat
3 Machi 1968

Mwanangu Wepukhulu,

Ni mimi Walubengo, ndugu wa baba yako. Mimi nasema na Ondiek anaandika. Sikukuletea barua mapema kwa sababu sikuona haja. Wewe unasema nami kila wiki gazetini, na mimi nakujibu kwa kazi.

Watu walinichagua lakini hakuna aliyenifundisha ukubwa. Mimi nilikuwa mtu wa kukamua ng'ombe. Siku ya kwanza kwenye kiti cha Fourie sikujua hata mikono niiweke wapi. Ndipo nikaiona picha yako, na kofia yangu ndani yake. Nikasema, mtoto wa ndugu yangu anakaa Nairobi, anawaona wakubwa wanavyofanya, na anajua kwamba sijui kusoma, ndiyo maana ananichorea. Machozi yalinitoka. Tangu siku hiyo nimefuata kila kitu.

Mara nyingine kazi inanijia kabla ya gazeti. Nalala, nauona mkono wako unachora, na asubuhi naamka nikijua la kufanya. Bwawa lilikuja hivyo. Ondiek hutaka kunisomea maneno ya chini. Namwambia picha inatosha, maneno ni ya wale waliosoma.

Hii ya jana, ya makaburi, imenikalia vibaya. Aliyelala pale ni baba yako. Mimi ndiye niliyekishika kichwa chake alipokuwa anakata roho. Lakini wewe ni mwanawe. Kama mwanawe amesema palimwe, mimi ni nani wa kukataa? Lazima iko sababu ambayo wakubwa wanaijua. Jumanne nitapanda trekta mwenyewe. Nitaanza na ndugu yangu, ili wengine wasiseme nimependelea damu yangu.

Asante kwa kunikumbuka.

Walubengo, Mwenyekiti
(alama ya kidole gumba)

Mimi Ondiek niliyeandika naongeza: nimemsihi angoje jibu lako kwanza. Amesema jibu lako liko gazetini.


TELEGRAMU
Nairobi, 7 Machi 1968
KWA MWALIMU NANZALA, KAPTAGAT, ELDORET
MZUIE BABA MDOGO ASIGUSE MAKABURI. PICHA NI DHIHAKA SI AMRI. MSOMEE MANENO YA CHINI. WEPUKHULU


Shambani, Kaptagat
9 Machi 1968

Wepukhulu,

Telegramu yako imenifikia jana. Alilima Jumanne.

Kulikuwa na ukungu. Nilikuwa darasani, nikasikia trekta ikitoka upande ambao haijawahi kutokea. Watoto wakasimama kabla sijawaambia kitu, wakageuka wote kutazama upande ule. Nilipofika, watu walikuwa wamejipanga kando ya makaburi.

Baba mdogo alishuka, akavua kofia, akasimama mbele ya jiwe la Baba. Alisema maneno fulani ambayo hatukuyasikia. Kisha akaivaa tena, akapanda, akapita juu ya Baba. Akageuza, akarudi. Watu wangesema nini? Alikuwa ameanza na ndugu yake mwenyewe. Alipofika kwenye kaburi la mtoto wa Wanyoike, Wanyoike aliweka mikono kichwani na kuketi chini. Mawe na misalaba vyote vimesukumwa kwenye mtaro. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka chini ya ile kofia mpaka shingoni. Nilidhani ni jasho. Kulikuwa na baridi ya kukata mikono.

Unaniambia nimsomee maneno ya chini. Maneno gani, na kwa nini? Nieleze upesi, kabla sijawachukia nyote wawili.

Nanzala


Nairobi
12 Machi 1968

Dada,

Nakuwekea humu barua yake. Ilinifikia Alhamisi, na nikatoka nayo mbio mpaka posta.

Soma, utajua. Wakati sisi tunacheka, yeye alikuwa anatii. Wewe uliyasoma maneno ukadhani ameyasikia na hajali. Dukani waliyasoma, wakaogopa kumwambia. Na mimi niliandika maneno makali nikasahau kwamba nusu ya nchi hii inatazama picha tu.

Tafadhali chukua picha zote, kaa naye, umsomee moja baada ya nyingine. Ingekuwa haki nije mwenyewe. Nimefika kituo cha reli, nimenunua tikiti, nikarudi nyumbani kwa miguu. Siwezi kumtazama.

Mhariri nimemwambia Bwana Kofia amekwisha. Ijumaa nafasi yake itakuwa tangazo la sabuni.

Wepukhulu


Shambani, Kaptagat
21 Machi 1968

Ndugu yangu,

Nimefanya ulivyoniomba.

Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa. Alinifungulia mlango mwenyewe. Picha zako hakuzibandika ukutani. Alikuwa amezitandaza juu ya meza ndefu ya Fourie kwa mpangilio, na kila moja ameikandamizia jiwe dogo. Nilimwambia umenituma nimsomee maneno. Aliketi. Akasema nianze na ya kwanza.

Nikasoma ya kiti. Alisubiri, kama mtu anayengoja mengine. Nikamwambia ndiyo hayo tu. Akaniambia nirudie. Nikasoma ya bwawa, nikasoma ya dirisha. Hakuuliza maana yake. Kila nilipomaliza moja alikuwa anaondoa lile jiwe na kuigeuza picha kifudifudi. Tukafika kwenye makaburi. Nilisoma mara moja tu, na hakuniambia nirudie.

Aliigeuza hiyo nayo kifudifudi. Kisha akasema, "Kwa hivyo mlikuwa mnacheka."

Nikamwambia hakuna aliyekucheka wewe, Baba mdogo. Ulikuwa uwongo, na yeye alijua ni uwongo. Akaniuliza kama nilijua yaliyoandikwa. Nikasema niliyajua maneno, lakini sikujua kwamba yeye hayajui. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ni sawa kabisa.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia unaumwa. Hilo ndilo nililoweza.

Amefungua bwawa na kurudisha ufunguo kwa kamati. Hakai tena nyumba kubwa, amerudi kwenye kibanda chake cha zamani karibu na zizi. Asubuhi anakwenda kwenye lile shamba lililolimwa na fimbo, anachoma udongo hapa na pale. Anatafuta. Mawe ameyatoa mtaroni yote, ila hajui lipi liende wapi. Hakuna anayejua. Trekta ilipita huku na huku mpaka pakawa sawa kama kitanda kilichotandikwa.

Nanzala


Shambani, Kaptagat
9 Juni 1968

Ndugu yangu Wepukhulu,

Umenyamaza muda mrefu. Ondiek aliniambia mtu aliyetoka huko alikuona River Road ukiandika vibao vya maduka. Kama ni kweli, ni kazi ya heshima.

Kamati ilipanda mahindi pale bila kumsikiliza Baba mdogo. Walisema ardhi ikishalimwa imelimwa. Sasa yamefika magotini, na kuna jambo ambalo sitaki kuliandika, lakini kila mtu ameliona. Kuna mahali ambapo mahindi ni meusi kwa ukijani na yameyazidi mengine. Yamekaa kama vitanda, urefu wa mtu. Lakini hayakai mahali pamoja. Wiki iliyopita nilihesabu vile vitanda nikiwa na Wanyoike, tukaweka vijiti. Juzi tulivikuta vijiti vimesimama kwenye mahindi ya kawaida, na weusi umehamia upande wa josho la ng'ombe. Wanyoike anasema ni mvua na maji yanavyopita chini. Anasema hivyo kwa sauti kubwa mno.

Wanawake wamekataa kupalilia. Baba mdogo anaingia humo peke yake akiita majina, la Baba kwanza.

Jana alikuja shuleni. Amekonda. Alisimama mlangoni mpaka nikawapa watoto kazi. Akasema, "Mwandikie mtoto. Siku ya maziko alikuwepo, na macho yake hayasahau. Anichoree mahali alipolala baba yake. Safari hii asiweke maneno."

Tafadhali, Wepukhulu. Mchoree.

Dada yako,
Nanzala


Nairobi
18 Juni 1968

Dada mpendwa,

Ni kweli, naandika vibao. Kinyozi, duka la nyama, fundi viatu. Watu wanataka herufi kubwa na hakuna anayeniuliza maana.

Picha nimeituma leo moja kwa moja kwa Baba mdogo, kwenye bahasha yake. Ghala la ngano liko kushoto, josho kulia, ili apate kupima kwa hatua. Kati yake nimechora mkaratusi ule uliopigwa radi, kisha mawe. Nimeyachora polepole na kwa heshima, na sikuandika neno.

Sasa nakuambia wewe peke yako. Sikumbuki. Siku tuliyomzika Baba nilikuwa nimefunika uso kwa koti toka nyumbani mpaka tuliporudi. Niliuona udongo kwenye viatu vyangu, basi. Mawe nimeyaweka mahali karatasi ilipokuwa tupu, mahali jicho lilipotaka yakae. Mkono haukusita hata kidogo, na hilo lilinisumbua, lakini nimeuambia ni huruma.

Acha aweke mawe yake hapo, apumzike. Usimwambie. Baba atamsamehe jiwe lililokosea njia.

Nduguyo,
Wepukhulu


Shambani, Kaptagat
30 Juni 1968

Wepukhulu,

Picha ilifika kabla ya barua yako. Nilipoisoma barua, walikuwa wamekwisha chimba.

Mimi nilidhani ataweka mawe tu. Lakini Baba mdogo alisema hataki kukosea tena, anataka kuona kwa macho kabla ya kuweka jiwe. Alipima kutoka ghalani na kutoka joshoni kama ulivyochora, akasimama katikati ya mahindi, akachimba. Wanyoike alimsaidia, kisha wanaume wengine wakaja mmoja mmoja bila kuitwa.

Baba alikuwa pale. Blanketi limekwisha, lakini kile kisu chake cha kupogolea kilikuwepo, na waya kwenye mpini. Baba mdogo ndiye aliyekiweka humo kwa mkono wake siku ya maziko. Alikifuta kwa shati lake, akakirudisha, na wakafukia. Alilia kwa sauti na watu wakamwacha alie. Kisha wakapima jiwe la pili, wakampata mtoto wa Wanyoike kwenye sanduku lake la mbao za majani ya chai. Na wengine wote, kila mmoja chini ya jiwe lake. Hukukosea hata kwa upana wa jembe.

Ulichora jiwe moja zaidi. Tulidhani ni bahati mbaya ya kalamu. Baba mdogo akasema kama liko kwenye picha lazima lichimbwe. Tulimkuta mtu mzima, mrefu, amelazwa ubavu, na viatu vya ngozi miguuni. Hapa shambani hakuna aliyewahi kuwa na viatu vya aina ile, na hakuna anayemjua, hata wazee waliokuwa hapa kabla ya Fourie. Tumemfukia na kumwekea jiwe lake. Mchungaji alimwombea bila jina.

Baba mdogo anakula sasa. Analala kwangu siku hizi na anacheza na watoto wa shule. Watu wamemsamehe, au wamechoka, sijui ni lipi. Kamati imezungushia pale ua, na mahindi ya mle ndani hayatavunwa. Hayo ndiyo mema, nimeyatanguliza.

Habari imetoka nje ya shamba. Tangu juzi wanakuja. Jana asubuhi alikuja mama mmoja anayeitwa Chepkoech, ametembea kutoka Chepkoilel. Kijana wake Kibet alikuwa askari, akapelekwa kaskazini kwenye vita vya mashifta, na hakurudi. Serikali ilimletea salamu za pole, haikumletea mtu. Anataka umchoree mahali kijana wake alipo. Hataki kingine. Hataki kujua nani alimpiga.

Nilimketisha, nikampa chai. Nilimwambia ukweli, Wepukhulu, na yeye tu ndiye niliyemwambia. Kwamba hukumbuki maziko. Kwamba kaskazini hujafika, na hata bunduki huwezi kuichora. Kwamba mawe yale uliyaweka mahali karatasi ilipokuwa tupu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, wanaojua wote nimeshawauliza."

Amenunua karatasi dukani kwa Wanyoike, nyeupe, isiyo na mistari, akaikunja kwenye leso yake isichafuke. Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Ameketi barazani kwangu, na amesema atangoja hapohapo.

Nanzala